Viazi vya Karanga, Ziwa Lilipofungwa

Mama msomaji, je, umewahi kuandaa chakula, ukanawisha watu mikono, kisha ukamwona baba wa nyumba anakitazama kile chakula kama mtu anayetazama barua ya deni? Mimi yamenipata. Yalinipata hapa Ujiji katikati ya mwaka 2024, na chakula chenyewe kilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha.

Walio mbali na Kigoma huenda wasielewe mara moja. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tumezoea kuhesabu riziki kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Kila mke wa mvuvi anazijua siku hizo za mbalamwezi, na kila mwenye akili huziwekea akiba. Lakini mwaka ule pumziko lilikuwa la namna nyingine. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikuwa zimekubaliana lipumzishwe ili samaki wazaane, na kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu kamili!

Sababu yenyewe tuliielewa. Wazee wa ziwani walikuwa wamelalamika siku nyingi kwamba nyavu zinarudi nyepesi. Hata hivyo kuelewa ni jambo moja, na kupika ni jambo jingine. Kule Kibirizi na Katonga, mahali ambapo akina mama huanika dagaa, vichanja vilibaki vitupu. Aliyekuwa akinunua dagaa kwa kisado sasa alinunua kwa kikombe, tena wale wa zamani waliokwisha kupoteza harufu nzuri. Mwenzangu mmoja alianza kuuza vitumbua. Mwingine alirudi kwao Buhigwe kulima. Mimi nilibaki na watoto wanne, mume asiye na kazi ya kufanya usiku, na viazi.

Maana miezi hiyo hiyo ndiyo miezi ya viazi. Vile vilivyopandwa mvua zikielekea kwisha huchimbwa kiangazi, na magari yanayoteremka kutoka Kasulu na Kalinzi huja yamejaa. Pale Mwandiga fungu la viazi lilikuwa rahisi kuliko chakula kingine chochote cha kushibisha. Basi nikanunua. Nikachemsha Jumatatu, nikachemsha Jumanne, nikachemsha wiki nzima. Asubuhi kwa chai ya rangi, jioni kwa maharage. Mtoto wa pili akaanza kuviita "sabuni". Baba yao hakusema kitu siku za mwanzo. Siku ya tisa akauliza tu, "Leo tena?" Akaosha mikono akatoka. Akarudi usiku, ameshiba kwa watu.

Nilikasirika sana, nakiri. Nilijiambia kwamba mtu asiyeleta kitu nyumbani hana haki ya kuchagua. Bahati nzuri sikumwambia. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hakuwa akikikataa kiazi. Mwanamume aliyezoea kuingia nyumbani alfajiri na ndoo ya dagaa, kila sahani ya viazi vyeupe vilivyolowana ilikuwa ikimkumbusha kwamba mikono yake imekaa bure. Nami nilikuwa nikimpa ukumbusho huo mara mbili kwa siku, bila chumvi ya kutosha.

Moto wa majivu na moto wa juu

Mwezi Juni mama mkwe alishuka kutoka Kasulu kututembelea. Nilimwamkia, nikampokea mzigo, na moyoni nikaona haya kwa sababu nilijua nitamlisha nini. Alipoona sufuria ya viazi inachemka alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona unaviosha utamu wake wote ukamwaga na maji?" Jioni ile alichukua viazi vitano, hakuvimenya, akavifukia kwenye majivu ya moto pembeni ya mafiga, akaviacha. Sikuwa mgeni wa viazi vya majivu, nilivila utotoni. Nilikuwa nimevisahau tu, kama tunavyosahau mambo mengi tukishapata jiko la mkaa na haraka ya mjini.

Na kweli vilikuwa vitamu kupita vya kwangu, ingawa vilitoka kwenye fungu lile lile. Nilidhani ni maneno ya wazee, kumbe jambo hili lina sababu yake. Ndani ya kiazi kitamu mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kiazi kikiwa cha moto lakini hakijafikia moto wa kuchemka. Ukikitumbukiza kiazi kilichokatwa katika maji yanayotokota, moto huingia upesi na ile kazi hukatika kabla haijaenda mbali. Ukikiweka mahali pa moto wa polepole, kwenye majivu au kwenye sufuria iliyofunikwa juu ya makaa machache, kiazi hukaa muda mrefu katika ule moto wa kati, na wanga mwingi hugeuka kuwa utamu. Juu ya hayo, maji hupungua, na utamu uliomo hukolea.

Lakini viazi vya majivu peke yake huwezi kumtengea mume mezani kila siku na kusema umepika. Hapo ndipo aliponisaidia jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Ujiji. Wenyeji wa mji huu wana desturi za mapishi zilizoingia na misafara ya pwani zamani, na mojawapo ni kupalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, kama wanavyofanya kwa wali. Moto chini kidogo, moto juu mwingi. Hiyo ndiyo oveni yetu, tena haihitaji umeme. Mama mkwe akaleta majivu yake, bibi akaleta kifuniko chake, nami nikaongeza karanga, asali na mawese, vitu ambavyo Kigoma havikosekani.

Nikikaa kuwaza naona ajabu kidogo. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika, na karanga vilevile. Vilivuka bahari, vikapanda bara mpaka vikawa chakula cha nyumbani kiasi kwamba hakuna anayevidhania wageni. Mchikichi ndio mwenyeji, mti wa Afrika hii hii. Asali inatoka kwenye misitu ya miombo ya mkoa wetu, na chumvi tunaipata Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu karne nyingi kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914.

Mahitaji

Kwa watu sita utahitaji viazi vitamu vya wastani kama kilo moja na nusu, karanga mbichi kikombe kimoja, mawese mekundu vijiko 3 vya chakula, asali vijiko 2 vya chakula, tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, chumvi nusu kijiko cha chai, na nusu ya limau. Kama una pilipili manga au mdalasini, tia kidogo. Kama huna, usihangaike. Utahitaji pia sufuria nzito yenye kifuniko bapa na vipande viwili vya jani la mgomba.

Kuhusu viazi, chagua vinavyolingana ukubwa ili viive pamoja. Visiwe na vidonda wala matundu ya fukusi, kwani kiazi kilicholiwa na fukusi huwa kichungu na uchungu wake hauondoki kwa kukata sehemu mbovu tu. Kama vimechimbwa jana, viache siku chache mahali pakavu penye kivuli. Utaona vinazidi utamu.

Ukipata vyenye nyama ya rangi ya machungwa, ambavyo siku hizi huitwa viazi lishe, vichukue kwanza. Kabode na Mataya ni kati ya aina hizo. Rangi ile ndiyo inayoupa mwili vitamini A, ambayo watoto wetu wanaihitaji kwa macho yao na kwa kupambana na maradhi. Kazi ya kuvieneza viazi hivi Afrika iliheshimiwa kwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na mmoja wa waliotunukiwa ni Robert Mwanga wa Uganda. Viazi vyeupe ni vizuri kwa nguvu, lakini vitamini A ndani yake ni kama haipo. Hapo mawese husaidia, maana wekundu wake una chembechembe za namna ile ile. Tena vitamini hiyo huingia mwilini vizuri ikiwa chakula kina mafuta, kwa hiyo karanga na mawese vina kazi nyingine zaidi ya kupendeza mdomoni. Wengi wetu huyachemsha mawese mpaka wekundu upotee, eti yasinuke. Ukifanya hivyo umechoma kile ulichokinunua. Yapashe moto tu mpaka yayeyuke.

Karanga nazo zinataka macho mawili. Zimwage kwenye ungo mwangani, uchague moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu, itupe, wala usimpe kuku. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga ni ndugu wa mahindi katika balaa hili. Najua inauma kutupa kitu ulichonunua wakati wa shida. Tupa.

Namna ya kupika

Osha viazi vizuri bila kumenya. Tandika jani moja la mgomba chini ya sufuria, panga viazi juu yake, funika. Weka sufuria kwenye jiko lenye makaa machache yaliyokwisha kushika majivu, kisha weka makaa mengine machache juu ya kifuniko. Usitie maji. Acha kwa muda wa saa nzima hivi, ukivigeuza mara moja tu. Vitakuwa tayari ukivibonyeza vikabonyea, na utaona utomvu kama asali nyeusi unatoka kwenye ngozi. Mwenye majivu ya moto jikoni avifukie humo kama alivyofanya mama mkwe. Ni bora zaidi na hakuna mkaa wa kununua.

Wakati viazi vikiendelea, kaanga karanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuondoka. Mimi niliwahi kuondoka kumwitikia mtu mlangoni, nikarudi nikakuta makaa mengine. Zikianza kulia na ngozi kuachia, epua, zipoze, zifikiche kwa viganja, upepete maganda kwa ungo. Kisha zitwange kwenye kinu mapigo machache tu. Hatutaki unga, tunataka vipande ambavyo jino litavisikia.

Yeyusha mawese, yaepue, tia asali, tangawizi uliyoiponda, chumvi na maji ya limau. Koroga. Usishangae limau, bila hilo chakula kitakuwa kitamu cha kuchosha, na mume atakula vipande viwili aache. Chumvi nayo usiione aibu katika kitu kitamu.

Sasa menya viazi vikiwa bado vya moto. Vikate vipande vya unene wa vidole viwili. Tandika jani jipya la mgomba kwenye sufuria, panga vipande kwa safu moja au mbili, vimwagie ule mchanganyiko wa mawese na asali, ugeuze kwa mkono mwepesi visivunjike. Nyunyiza nusu ya karanga. Funika. Safari hii hamisha makaa: chini yabaki mawili matatu, juu ya kifuniko yawe mengi. Baada ya dakika kama 20 fungua. Kingo za viazi zitakuwa zimekauka na kushika rangi ya kahawia. Mwagia karanga zilizobaki, ukiepua tu. Ukizitia zote mwanzoni zitaungua na kuharibu kila kitu kwa uchungu, nami nazungumza kwa kuwa ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza.

Mwenye oveni ya umeme au gesi avioke vizima saa moja kwa moto wa nyuzi 180, kisha baada ya kuvichanganya avirudishe kwa nyuzi 200 mpaka vikauke kingo. Asiyezoea ladha ya mawese atumie mafuta ya alizeti, lakini mimi naona atakuwa amekosa nusu ya chakula.

Chakula hiki ni cha kusindikiza kingine. Kinakwenda vizuri na maharage yaliyoungwa kwa kitunguu, na matembele, au na mgebuka wa kukaanga ukiupata. Mezani kwetu wakati ule tulikuwa na maharage.

Wa kuangaliwa

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani inaweza kumletea ugonjwa mbaya. Mpondee kiazi kitupu chenye mawese. Na watoto chini ya miaka mitano wasipewe vipande vya karanga, wanaweza kukabwa. Zao zitwange mpaka ziwe laini kabisa, uchanganye. Ukiona mtoto anavimba midomo au anapumua kwa shida baada ya kula karanga, mpeleke hospitali mara moja, na usimpe tena.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, jueni kwamba viazi vya kuoka hupandisha sukari ya damu kwa haraka kuliko vya kuchemsha. Mama mkwe wangu ana ugonjwa huo. Tulimtolea pembeni vichache vya kuchemsha, tukavitia karanga na chumvi bila asali. Alicheka akasema yeye ndiye aliyekuja kutufundisha kuoka, na yeye ndiye tunayemchemshia.

Siku ile ya kwanza niliyopika hivi sikumwambia mume wangu kitu. Nilitenga kama kawaida. Alipoona viazi niliona uso unaanza kufunga. Kisha harufu ya tangawizi na karanga ikamfikia. Akachukua kipande kimoja, akatafuna polepole, akauliza, "Hivi umeviweka nini?" Mama yake akajibu kabla yangu, "Ameviweka moto." Watoto walikuwa wamekwisha maliza upande wao na kuanza kuvamia wa baba yao. Yule aliyeviita sabuni alilamba jani la mgomba.

Sitaki kukudanganya, mama mwenzangu, kwamba viazi vilimaliza shida. Hela ilikuwa haba vilevile, na Julai tuliuza redio. Lakini jioni zile mume wangu alikaa nyumbani. Akaanza kuchagua karanga nami kwenye ungo, kazi ambayo hakuwahi kuigusa tangu anioe, akawa ananisimulia habari za ziwani ambazo kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kuzisikia, kwa sababu kila usiku alikuwa huko na mimi nikiwa hapa. Kuna usiku tulichagua karanga zote za kesho kutwa, makaa yakazima, hatukuwa na habari.

Tarehe 15 Agosti ilipofika, mji mzima ulikuwa na shughuli. Taa zilifutwa, nyavu zilizoshonwa zikashushwa mwaloni. Nilipika mapema. Nilipokuwa nikiosha sahani alisimama mlangoni na koti lake la baridi, nusu ndani nusu nje, akauliza kama kuna viazi vilivyobaki ambavyo ningeweza kumfungia. Nilikuwa nimekwisha kumwekea. Ukivifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha ukazungusha gazeti na kitambaa, hukaa na uvuguvugu kwa saa kadhaa, na hata vikipoa haviharibiki ladha mpaka alfajiri.